Figa Linamwita Nanzia

Siku ya pili baada ya kumzika mdogo wake, kabla hata viti vya kuazima havijarudishwa kwa wenyewe, Nakijwa alikuwa uani kwa marehemu akisuuza vikombe wakati Bibi Mbonea alipovuka uwanja kuja kumwita. Mjane wa siku tano hatazamiwi kutoka nje, sembuse kutembea kwenye ukungu bila fimbo, lakini bibi wa watu alikuwa amekuja mwenyewe, kanga imemlowa mabegani.

"Mwanangu, njoo ulinyamazishe figa langu," alisema. "Linamwita Nanzia."

Nakijwa akadhani amesikia vibaya. "Linamwita nani, mama?"

"Mdogo wako. Kwa jina. Mara mbili tangu nimeamka. Mara ya kwanza nikasema ni masikio yangu haya, yamezeeka. Mara ya pili nimelisikia wazi kama ninavyokusikia wewe. Mimi siwezi kukaa ndani na kitu kinachoita marehemu."

Nakijwa alikausha mikono kwenye gauni, akachukua mkoba wake wa ufundi, akamfuata. Kutoka mlango wa jiko la Nanzia mpaka mlango wa jiko la Bibi Mbonea ni hatua arobaini. Alizihesabu bila kutaka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yote aliyokatiza pale kwenda kuomba chumvi.

Kijiji cha Mwerindi kimekaa upande wa mlima unaopendwa na mawingu. Tangawizi inastawi vizuri huko, na watu wanakohoa vizuri zaidi. Nguzo za umeme zilipanda kutoka tambarare zamani sana, zikafika bondeni, zikachoka hapo hapo, na wapo mabibi waliozaliwa wakizisubiri wakazikwa wakizisubiri. Kwa hiyo yalipokuja mafiga, watu hawakuuliza maswali mengi. Kila jiko lilipewa matatu, ukubwa wa kabichi, yakafukiwa nusu pale pale palipokuwa na mafiga ya zamani ya kuni. Mchana yanakunywa jua kutoka kwenye bati la paa na kulihifadhi. Chini ya ardhi yameunganishwa kwa nyuzi nyembamba, nyumba hadi nyumba, mpaka zahanati. Hayana swichi wala ufunguo. Yana masikio, yana sauti, na yana adabu.

Adabu hiyo aliyafundisha Nakijwa. Waliotengeneza mafiga huko mjini walijua mambo ya jua na madini, lakini hawakujua moto wa kijijini unavyotembea, wakamtafuta binti wa huko huko aliyesoma. Naye akayafundisha alichokulia. Zamani moto ukikuzimikia ulichukua kigae ukaenda kwa jirani, ukarudi na makaa, na hakuna mwanamke aliyemnyima mwenzake moto akabaki na heshima yake. Basi figa likipungukiwa huomba kwa jirani, na jirani hanyimi. Hiyo ndiyo adabu ya kwanza. Ya pili, ukungu ukizidi mafiga yasiombane kwa ajili ya taa wala ugali, yaombane kwa ajili ya uhai tu: friji ya chanjo, mashine ya hewa, mama anayejifungua. Na ya tatu, nyumba yenye msiba haitoi moto mpaka majivu yazolewe, siku ya saba.

Hiyo ya tatu aliiongeza kwa uchungu wake mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa mafiga alifariki mama yao, na mafiga ya nyumbani, yakiwa hayajui kufiwa ni nini, yakaendelea kugawa moto kijiji kizima mpaka nyumba ikawa giza na maiti iko ndani. Nanzia alikaa kichwani pa mama ameshika koroboi, na kila alipokohoa mwali ulitikisika. Nakijwa aliapa kwamba hakuna mfiwa mwingine atakayeonja jambo lile.

Jikoni kwa Bibi Mbonea kulikuwa na joto. Kijiji kizima kilikuwa na siku ya tisa bila jua, watu wanalala na masweta, na humu ndani sufuria ya chai ilikuwa inafuka. Nakijwa aliliona hilo, akalipita kwanza. Alipiga magoti mbele ya mafiga, na kabla hajafungua mkoba, figa la katikati likawasha kijitaa chake.

"Nanzia," likasema, kwa ile sauti ya upole ambayo Nakijwa mwenyewe aliichagua miaka kumi na miwili iliyopita. "Zahanati inaomba moto. Msiba umekwisha?"

Figa likasubiri, kama lilivyofundishwa kuwasubiri watu wenye huzuni, bila kuwaharakisha.

"Sijakusikia, Nanzia. Nitauliza tena baadaye. Poleni."

Bibi Mbonea alikuwa amejishika mdomo. "Umelisikia? Sasa kwa nini limwite yeye? Aliyefiwa si mimi?"

"Mama, nani aliyeliambia figa kuhusu msiba wa mzee wako?"

"Nani mwingine? Nanzia. Mzee alipokata roho Jumatatu yeye ndiye aliyefika wa kwanza, anahema, na mashine yake ya hewa anaiburuta nyuma. Akaliwekea figa mkono akalitangazia. Mimi ningeweza wapi? Mfiwa hagusi moto."

Ndiyo hivyo. Mfiwa hagusi moto. Jirani wa karibu ndiye anayeutangazia moto msiba, na jirani huyo huyo ndiye anayerudi siku ya saba kuzoa majivu na kusema kwamba umekwisha. Siku hizi majivu yenyewe ni ya vijiti vitatu vinavyochomwa kwa heshima tu, lakini yanazolewa. Nakijwa alikuwa ameyafundisha mafiga yasimsikilize mtu mwingine yeyote juu ya jambo hilo ila yule aliyetangaza, kwa sauti yake mwenyewe. Alijua ndugu wa mume walivyo. Hakutaka mjane abanwe kwenye kona na mashemeji aseme msiba umekwisha ili wao wapate kuchemshia pombe. Alikuwa amefikiria kila kitu. Hakufikiria kwamba mzoa majivu anaweza kufa kabla ya majivu kupoa.

Akatoa redio yake ya upepo, ile ya betri, akaiita zahanati.

"Dada Nakijwa," Nesi Kulwa alijibu haraka, na sauti ile ya Kisukuma ambayo kwa kawaida haikosi utani leo haikuwa na utani hata chembe. "Nilikuwa sitaki kukusumbua, una msiba."

"Nani yuko kwenye mashine?"

"Mtoto wa Navoneiwa. Kazaliwa jana jioni, miezi saba. Mapafu hayajakomaa, dada, mashine ndiyo inampumulia. Mafiga yangu yana saa moja, labda na robo. Nyumba zote zimenitolea mpaka zimekauka. Yenye moto imebaki moja tu, na kila nikiiomba inanijibu kuna msiba."

"Huwezi kumleta huku?"

"Mashine imefungwa ukutani. Na kumtoa mtoto nje kwenye baridi hii ni kumuua njiani."

Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi.

*

Fundi akitaka kujua figa linaficha nini haliulizi kwa hasira. Nakijwa aliweka kiganja juu yake, akataja jina lake na kazi yake, akasema: "Nisomee kila ombi lililokuja katika nyumba hii tangu msiba utangazwe."

Alitaka kuona maombi ya zahanati. Hilo tu. Alitaka kujua kama kuna njia ya pembeni ya kuupitisha moto. Laiti angejua, angemwomba Bibi Mbonea atoke kwanza.

"Jumatatu, saa nne asubuhi," figa likaanza. "Tangazo la msiba, kwa sauti ya Nanzia."

Kisha sauti ya Nanzia ikajaa jikoni, yenye ule mkato wa pumzi katikati ya kila sentensi. "Nyumba hii ina msiba. Mzee Kangero ametutoka. Tafadhali... msiwasumbue."

Bibi Mbonea akaketi chini, taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo wa kuni.

Mapafu ya Nanzia yaliharibiwa na moshi. Walikuwa mabinti wawili, na mama yao alikuwa mgonjwa wa miguu. Nakijwa, mkubwa, alikuwa na akili ya darasani, akapelekwa shule ya bweni. Nanzia alibaki, na tangu akiwa na miaka saba yeye ndiye aliyepuliza moto asubuhi, mchana na jioni, kwenye jiko lisilo na dirisha, na kuni mbichi za msimu wa ukungu. Nakijwa akirudi likizo alimkuta mdogo wake macho mekundu, anacheka, anamwuliza mambo ya bwenini. Daktari alipompima akiwa na miaka ishirini na mitano alimwuliza kama anavuta sigara. Hata mafiga yenyewe, ukitaka kusema ukweli, Nakijwa aliyafanyia kazi kwa moyo ule kwa sababu yalikuwa ndiyo njia yake ya kumwambia Nanzia nisamehe. Hakuwahi kuitamka kwa mdomo. Sasa hakuna wa kuambiwa.

"Jumatano," figa likaendelea, "saa saba na dakika nne. Nyumba ya Nanzia inaomba moto, kwa mashine ya hewa."

"Lisimamishe," alisema Bibi Mbonea.

Nakijwa hakulisimamisha. Jumatano, saa saba, walikuwa makaburini. Kijiji kizima kilikuwa kule juu kumzika Mzee Kangero, na yeye Nakijwa alikuwa amemshika mjane mkono. Nanzia alibaki nyumbani kwa kuwa mlima ule hakuuweza. Waliporudi walimkuta kwenye kiti chake, mrija puani, mashine kimya. Watu wakasema ni ukungu. Nakijwa naye akasema ni ukungu, mafiga yamekauka kila mahali, na fundi akisema ni ukungu nani atabisha?

"Nilimwuliza mtangazaji, kupitia figa la jikoni kwake: Nanzia, nyumba ya Nanzia inaomba moto. Msiba umekwisha? Akajibu."

"Bado," ikasema sauti ya Nanzia. "Hawajarudi."

"Saa saba na dakika tisa. Nyumba ya Nanzia inaomba moto. Nilimwuliza mtangazaji. Akajibu."

"Bado."

"Saa saba na dakika kumi na nne. Akajibu."

Safari hii ilikuwa pumzi zaidi kuliko neno, lakini neno lilikuwamo. "Bado."

"Saa saba na dakika kumi na tisa. Nilimwuliza mtangazaji. Hakujibu. Saa saba na dakika ishirini na nne. Hakujibu. Saa saba na dakika ishirini na tisa. Hakujibu."

Liliyasoma yote. Yalikuwa maombi kumi na saba. Kumi na manne hayakujibiwa, na figa liliyasoma moja moja, kwa upole ule ule, na kila mwisho wa moja likasema poleni.

Kwenye sufuria chai iliendelea kuchemka.

"Sisi tulirudi hapa," alisema Bibi Mbonea, akiitazama sufuria. "Tumetoka makaburini, tunatetemeka. Nikakuta maji yanachemka. Nikasema, ona Mungu alivyo mwema, nyumba zote ziko baridi ila ya mfiwa. Nikanywa vikombe viwili, Nakijwa. Vikombe viwili, na tangawizi, na nikaomba sukari. Na yeye hapo ng'ambo."

"Mama, hukujua."

"Nimemnyima moto." Alilitamka kama mtu anayejaribu kulielewa neno la kigeni. "Mimi Mbonea. Mama yako alikuja kwangu na kigae usiku wa kuzaliwa Nanzia, nikampa makaa mpaka kigae kikapasuka. Leo nimemnyima mtoto yule yule moto."

"Si wewe. Ni mimi niliyelifundisha."

"Lakini kwa nini hakusema umekwisha? Neno moja! Angesema neno moja tu!"

Nakijwa alijua kwa nini. Ndicho kilichomkata maini, kwamba alijua, na kwamba hata yeye angejibu vile vile. "Mzee alikuwa hajateremshwa kaburini, mama. Angesemaje msiba umekwisha na mzee wako yuko juu ya ardhi? Lile lilimwuliza, naye akalijibu ukweli. Alidhani tutawahi kurudi."

Angeweza pia kuvuka zile hatua arobaini akaja kukaa humu kwenye joto, kama asingehitaji hewa ya kuzivukia. Mashine yake bila moto ilikuwa mzigo wa kilo kumi na mbili.

Bibi Mbonea akalia. Hakulia hivi kwa mume wake, maana mume wake alikuwa mzee wa miaka themanini na tisa aliyeaga watu mmoja mmoja. Alilia kwa sauti, ametupa miguu mbele sakafuni, na Nakijwa akamshika mabega akalia naye. Walikuwa bado wanalia kijitaa kilipowaka.

"Nanzia. Zahanati inaomba moto. Msiba umekwisha?"

*

Bibi Mbonea ndiye aliyejifuta machozi wa kwanza. Akasogea kwa magoti, akaweka kiganja chake juu ya figa, mfiwa hagusi moto au anagusa.

"Nisikilize wewe. Mimi ndiye mwenye nyumba. Mzee wangu hana haraka, hatakasirika. Msiba umekwisha. Mpe mtoto moto."

"Pole sana, Bibi Mbonea," figa likajibu. "Usiharakishwe na mtu yeyote. Nitamwuliza Nanzia."

"Linanijibu hivi nani kalifundisha?"

"Mimi," alisema Nakijwa.

Aliangalia saa. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Njia ya kawaida ya figa lililogoma ni kulifuta, lakini figa likifutwa humwaga moto wake wote ardhini, na moto ndio uliotakiwa. Kung'oa ni vivyo hivyo. Nyuzi za chini hazipitishi kitu bila idhini ya figa lenyewe. Aliwahi kujivunia jambo hilo mbele ya wageni. Aligeuza kila alichokijua, akarudi pale pale: hapakuwa na mlango ila sauti ya Nanzia.

"Sauti yenu ni moja," alisema Bibi Mbonea polepole.

Nakijwa hakumtazama.

"Tangu mkiwa watoto. Mkipiga hodi hapo nje mimi sijui kaja nani mpaka nione sura. Mama yenu mwenyewe alikuwa anawachanganya."

"Nimeapa, mama. Kila fundi anaapa. Hatuliambii figa neno kwa sauti isiyo yetu. Mafiga hayana ufunguo, yana imani tu. Siku moja ikijulikana kwamba figa linadanganyika, kila nyumba itaanza kufikiria jinsi ya kumdanganya jirani yake, na hapo hakuna mafiga tena, kuna wizi."

"Kiapo ulimwapia nani?"

"Watu wote wa Mwerindi."

"Huyo mtoto wa Navoneiwa ni mtu wa wapi?"

Na kiapo, ukweli usemwe, hakikuwa peke yake. Kulikuwa na jingine ambalo hakumwambia bibi. Msiba ukishasemwa umekwisha, figa husahau kila neno lililosemwa ndani yake. Aliliweka hilo kwa nia njema pia, maana katika nyumba ya matanga husemwa mengi ambayo hayafai kubaki, na majivu yakimwagwa yamemwagwa. Sauti ya Nanzia ilikuwa humo. Nanzia mzima, anahema, anajibu. Simu ya Nakijwa ambayo ingeweza kuinasa ilikuwa kwake ng'ambo ya korongo, imezimika tangu wiki iliyopita kama simu za watu wote. Nje ya figa hili hakuna mahali duniani ambapo sauti ile ilikuwa imehifadhiwa.

Redio ikakoroma. "Dada, dakika ishirini," alisema Kulwa. Nyuma yake mwanamke alikuwa anaimba wimbo wa kubembeleza, kwa sauti ya kukaukiwa, maneno yale yale mawili kila mara.

"Ngoja, Kulwa."

Nakijwa aliweka mkono juu ya figa. Lilikuwa na joto, kama shavu la mtu aliyelala. Hakungoja sana.

"Nanzia," likasema. "Zahanati inaomba moto. Msiba umekwisha?"

Alifungua mdomo. Neno alikuwa amelitayarisha, amelishika kwenye ulimi, na alijua kabisa ni neno gani. Lililotoka ni jingine.

"Bado," alisema.

Hakukusudia. Lilitoka lenyewe, kutoka mahali ambapo hakuwa na amri napo. Na lilitoka na mkato wa pumzi katikati, kwa sababu alikuwa analia.

"Nimekusikia, Nanzia," figa likasema, na ungedhani limefurahi. "Pole. Nitauliza tena baada ya dakika tano."

Wanawake wale wawili wakatazamana. Figa lilikuwa limemkubali. Kumbe mlango ulikuwa wazi muda wote, na yeye ndiye aliyeufunga tena kwa mkono wake, kama mdogo wake alivyoufunga.

Dakika tano ni nyingi ukizikaa. Bibi Mbonea alimshika mkono, na Nakijwa akaliomba figa, mara ya mwisho, limsomee maneno ya Nanzia. Likamsomea. *Tafadhali... msiwasumbue.* Likamsomea zile bado tatu. Aliisikiliza ile ya kwanza kwa makini, ile yenye "hawajarudi", na akasikia kitu ambacho hakukisikia mwanzo: Nanzia hakuwa na hofu. Alikuwa anaongea kama anavyoongea mtu aliyebaki nyumbani kulinda kuku.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema Nakijwa. "Kwa kuni zote zile."

Kijitaa kikawaka.

"Nanzia. Zahanati inaomba moto. Msiba umekwisha?"

Alivuta pumzi, akaikata katikati, kama ilivyokuwa ikimkatika mwenzake. "Umekwisha," alisema kwa sauti ya mdogo wake.

"Asante, Nanzia. Poleni sana. Moto uko wazi."

Sufuria ya chai ikaacha kuchemka. Kwenye redio Kulwa alipiga kelele kwa Kisukuma, kisha akakumbuka watu wengine hawajui Kisukuma. "Imepanda! Dada, imepanda! Anapumua!" Ule wimbo wa kubembeleza ukakatika, na badala yake kikaja kicheko cha mtu anayelia.

"Nisomee maneno ya Nanzia," Nakijwa aliliambia figa, ingawa alijua.

"Hakuna maneno," lilijibu. "Msiba umekwisha."

Hapo ndipo waliposikia. Bibi Mbonea alisikia wa kwanza, yeye aliyesema masikio yake yamezeeka. Alinyanyua kidole. Kutoka ng'ambo ya uwanja, kwenye nyumba isiyo na mtu, mashine ilikuwa inavuma na kuhema, inavuma na kuhema.

Ombi la kumi na saba halikuwa limefutwa na mtu. Lilikuwa kwenye foleni tangu Jumatano, linasubiri idhini kwa adabu, na idhini sasa ilikuwa imekuja.

*

Nakijwa alivuka zile hatua mbio. Jikoni kwa Nanzia mafiga yaliyokufa siku tatu yalikuwa yameamka, yana taa zote. Kiti kilikuwa pale pale kando ya ukuta, na juu ya kiti mrija, ambao hakuna aliyethubutu kuuondoa, ulikuwa unapuliza hewa safi kwenye foronya ya mto.

"Karibu, Nanzia," figa likasema. "Pole kwa kuchelewa. Hewa inatosha?"

Alisimama mlangoni. Akaona aibu kwa alichokitaka: kuiacha iendelee, siku moja tu, akae karibu aisikilize. Lakini kila dakika ya hewa ile ilikuwa inatoka kwenye fungu la mtoto wa Navoneiwa, na moto wa Bibi Mbonea haukuwa bahari. Yeye mwenyewe ndiye angepaswa kuizima. Akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya figa.

Hakuna aliyekuwa amelitangazia. Nanzia alipokufa mafiga yake yalikuwa yamekufa pamoja naye, na jirani ambaye ingempasa kuja kulisema neno alikuwa na msiba wake.

"Nyumba hii ina msiba," alisema. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, na ilikuwa ngumu kuipata. "Nanzia ametutoka. Zima mashine."

Mashine ilivuta mara moja zaidi, ikatulia. Mrija ukalala.

"Poleni sana," figa likasema. "Nani anayetangaza?"

"Nakijwa. Dada yake." Akajifuta pua kwa mkono wa gauni. "Na nisikilize. Tangu leo, ukiombwa kwa ajili ya pumzi ya mtu, usiniulize mimi, usimwulize yeyote. Msiba uwepo usiwepo. Toa. Waambie wenzako wote."

"Nimeelewa. Pumzi haiulizwi." Kijitaa kilicheza kidogo, neno likishuka ardhini kwenda nyumba kwa nyumba. "Kwa mengine nitakuuliza wewe, Nakijwa. Siku ya saba, kama kawaida, nikuulize kama msiba umekwisha?"

Nakijwa aliuondoa mrija kwenye kiti, akauviringa vizuri, akakaa. Nje Bibi Mbonea alikuwa anakuja polepole, na kikombe cha chai mkononi, baridi. Figa lilisubiri, bila kumharakisha, kama alivyolifundisha.